Jiwe Likigusa Udongo

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, kubwa, yenye picha ya Makka. Niliwashukuru sana, ingawa kumpa saa mtu ambaye hatakiwi tena popote ni utani ambao nadhani hawakuukusudia. Tulipomaliza pilau, vijana wa karakana wakanizunguka. "Mzee Bakari, andika basi, hata kurasa chache. Yale uliyokuwa unatusimulia tukisubiri gari." Nikasema sawa. Mke wangu aliposikia alicheka, maana ananijua: kitu kirefu nilichowahi kuandika maishani ni maombi ya vipuri. Lakini nyumba yetu hapa Magomeni ya Mtwara ina kimya asubuhi siku hizi, na mikono yangu haijazoea kukaa bure.

Habari za vyeo mtazikuta ofisini, kama panya hawajazila. Mimi nilikuwa fundi umeme wa pampu za maji, nikaanza sijaota ndevu nikamaliza zimekuwa nyeupe. Mkoa wa Mtwara naujua kwa pampu zake. Mtu akinitajia kijiji, kabla sijakumbuka sura ya mtu yeyote wa pale, nakumbuka kwanza sauti ya mota yake.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Nalinga, Mmakonde mfupi, mkavu, mwenye chale usoni na maneno machache. Siku ya kwanza alinikabidhi bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Nikadhani nakwenda kufungua kitu. Akaniongoza mpaka kwenye pampu inayonguruma, akasema, "Ncha weka pale, mpini weka sikioni. Unasikia nini?"

"Nasikia kelele, mzee."

"Rudi kesho."

Kesho yake nikarudi, nikasikia kelele ileile, nikaambiwa rudi kesho. Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nimetoka chuo, nimevaa kaunda suti iliyopigwa pasi, na mtu huyu ananifanya kama mgonjwa anayezungushwa zahanati. Mpaka siku moja nikasikia, chini ya ile kelele, kitu kama mtu anasaga mahindi mbali. Nikamwambia. Akaifungua pampu, akanionyesha beringi iliyokuwa imeanza kulika. "Haya," akasema, "sasa unaweza kushika spana." Bisibisi ile ninayo mpaka leo, na mpini umeng'aa kwa masikio yangu.

Somo lake la pili ndilo nataka mlishike, maana habari yote ninayoisimulia inatoka humo. Matangi ya zamani vijijini yalikuwa na kipimo cha kamba. Ndani ya tangi linaelea boya, limefungwa kamba, kamba inapita juu kwenye kapi, kisha inaning'inia nje ikiwa na jiwe. Maji yakijaa, boya linapanda na jiwe linashuka. Maji yakipungua, jiwe linapanda. Mtu anapita na baiskeli yake, anatupa jicho, anajua leo kuna maji au hakuna. Kitu rahisi kabisa, hakina waya wala umeme.

Asubuhi moja nilikimbia kumwambia Mzee Nalinga kwamba tangi limejaa, jiwe liko chini.

"Chini wapi?" akauliza, bila kuinua macho kwenye chai yake. "Kwenye mstari au kwenye udongo?"

Sikuwa nimetazama. Tukaenda wote. Kumbe kwenye nguzo ya tangi alikuwa amechora mstari mweupe, usawa wa goti hivi, na pale ndipo jiwe linapaswa kukoma tangi likijaa. Jiwe letu lilikuwa limelala udongoni na kipande cha kamba kimejikunja juu yake. Tangi lilikuwa kavu. "Kamba ikikatika," akasema, "jiwe litakwambia maji yamejaa, na wewe utakwenda kulala. Ndiyo maana sikuuachia uongo nafasi. Jiwe likigusa udongo, usiniletee habari za maji. Niletee habari za kamba." Nikaitikia ndiyo mzee, nikakwenda kutafuta kamba.

Baada ya kamba zikaja rilei na kontakta, swichi zinazojifunga kwa nguvu ya umeme, na hizo ndizo zilizokula ujana wangu. Kule Mikindani adui alikuwa chumvi. Unafunga kiunganishi leo kinang'aa, ukirudi kimeota kijani kama mkate uliosahaulika. Huku juu kwenye mikorosho, adui ni salfa. Wakulima wakianza kupulizia, vumbi lake linaingia kila mahali, na shaba haipatani nayo kabisa. Halafu kuna sisimizi, ambao wanapenda boksi la umeme kuliko sukari. Kisa kilichonichekesha na kuniudhi kwa pamoja ni cha mjusi kafiri aliyekufa katikati ya vidole viwili vya kontakta na kukaukia pale. Mtaa mzima ulikosa maji kwa sababu yake. Mwenyekiti wa mtaa alitaka kujua ni hujuma ya nani, nikampelekea mjusi ndani ya kiberiti.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na vyombo vyangu, hadi alipokuja Injinia Rehema.

Rehema alitoka kanda ya ziwa, binti mrefu, mpole wa sauti lakini habadilishi neno akishalisema. Alikuja na kibao cha kompyuta kinachotosha ndani ya boksi la sabuni, kimejaa pini ndogo pembeni kama meno ya kitana. Nikamuuliza kama hicho ndicho kitakachowasha pampu ya kijiji kizima. Akasema, "Ndiyo, baba." Nikaitikia kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa naicheka serikali.

Akanifundisha. Nasema akanifundisha, na sioni aibu, ingawa alikuwa na umri wa binti yangu wa tatu. "Kila pini hapa ni sikio," aliniambia. "Linajua maneno mawili tu. Likikuta umeme, linasema moja. Lisipokuta, linasema sifuri. Mengine yote ni sisi tunayoliambia lifanye." Nilipenda alivyosema sikio. Nikamletea bisibisi yangu ya mpini wa mbao nikamweleza habari zake, akaishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni pale pale ofisini, watu wakimtazama. Tangu siku hiyo tulielewana.

Sasa twende Kitaya.

Wanaoijua Kitaya wanajua kwamba mto Ruvuma upo pale pale, na ng'ambo ni Msumbiji. Mto unatoa samaki, unatoa mpunga, na una mamba. Kabla ya kisima kirefu na tangi, wanawake walikuwa wanateka maji mtoni. Walijenga uzio wa miti ndani ya maji wapate pa kuchotea, mto ukijaa unaubeba, wanajenga mwingine. Bi Somoe, mwanamke ambaye mtamsikia sana hapa, alikwenda mtoni asubuhi moja na mdogo wake Fatu. Bi Somoe alikuwa ameshajitwika anapanda ukingo. Fatu alikuwa ameinama. Bi Somoe aliposikia maji yamepiga kishindo akageuka, na kulikuwa na ndoo tu inazunguka juu ya maji. Hakuna mtu mwingine aliyenisimulia hilo ila yeye mwenyewe, na alinisimulia mara moja tu.

Kwa hiyo kisima kilipochimbwa na tangi likasimama, mumewe, Mzee Mkupete, ndiye aliyejitolea kuwa mlinzi wa pampu, na hakuna aliyeshindana naye. Alifagia kibanda cha pampu kila siku kama msikiti. Waya kutoka kwenye tangi hadi kibandani unapita juu ya nguzo za mti, na zile nguzo alizitunza kuliko nguzo za nyumba yake. Kazi ya kufunga kile kibao cha kompyuta ilifanywa na mafundi wa mkandarasi. Wakaweka swichi ya boya ndani ya tangi: maji yakiisha, boya linashuka, swichi inafunga na kuiunganisha pini na waya usio na umeme, pini inasoma sifuri, pampu inawaka. Maji yakijaa, swichi inafunguka, pini inasoma moja, pampu inazima. Wakajaribu, ikakubali, wakapiga picha na mwenyekiti, wakaondoka.

Kwa muda ilifanya kazi vizuri mno. Kisha ikaanza visirani. Leo inamwaga maji juu ya tangi mpaka bata wa jirani wanafurahi, kesho tangi limekauka na pampu imenyamaza tu kibandani, umeme upo. Mzee Mkupete anapiga simu, tunakwenda. Ni safari ndefu na barabara ile sina haja ya kuieleza. Tukifika, nafungua maboksi, natikisa waya hapa na pale, pampu inawaka yenyewe na kunguruma vizuri kabisa. Tunarudi Mtwara. Baada ya siku chache, simu.

Watu wa Kitaya wakasema pampu inamjua fundi, kama mbwa anavyomjua mwenyewe. Kijana mmoja akapendekeza niache shati langu pale. Nilicheka nao, lakini nilikuwa naumia, kwa sababu katika kazi hii ugonjwa unaokimbia ukimwona daktari ndio mbaya kuliko yote. Nikasingizia salfa, kwa kuwa ulikuwa msimu wake. Nikapiga msasa kila kiunganishi cha kibandani. Rehema akabadilisha kibao akaweka kipya. Simu ikapigwa tena.

Safari iliyofuata tulipofika, tulimkuta Bi Somoe amesimama mlangoni mwa kibanda. Hakutusalimia, na kwa mtu wa heshima kama yule hilo peke yake lilitosha kunitisha. Mkononi alikuwa na ndoo ya plastiki, ya kijani. Akaiweka mezani, juu ya karatasi za Rehema. Ubavuni ilikuwa na matundu, mstari wa matundu upande huu na mstari mwingine upande ule.

"Ya Zainabu," akasema. Zainabu ni binti yao, wakati ule alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. "Tangi kavu, akaenda ntoni. Kainama, mamba kadaka ndoo. Angedaka mkono, hapa ningeweka nini?"

Mzee Mkupete alikuwa nyuma ya mlango, anatazama chini.

"Mimi hizo pini zenu sizijui," Bi Somoe akasema. "Mimi nataka maji. Leo msiondoke." Akatoka, akaiacha ndoo palepale.

Rehema alipitisha kidole kwenye matundu ya ile ndoo. Mimi nilikuwa tayari nimeshika bisibisi nifungue boksi, maana mkono wangu ukiwa na hofu hutafuta kazi. Akanizuia. "Baba, leo tusiguse kitu. Kila tukifika tunagusa, na tukigusa ugonjwa unajificha. Leo tusikilize kwanza."

Nikaona aibu kidogo. Yaani mimi, niliyewekwa na Mzee Nalinga siku kadhaa na mpini sikioni, nilikuwa nimesahau kusikiliza.

Akafungua kompyuta yake ya mapajani, akaiunganisha na kibao, akaandika mistari michache ili pini ya tangi iwe inatuambia inachosoma, tena na tena, bila kuamua lolote. Tangi lilikuwa tupu, tulikwisha kuligonga likalia kama debe. Maana yake pini ilipaswa kusema sifuri, sifuri, sifuri, mpaka tuchoke. Badala yake kioo kilitujazia sifuri, moja, moja, sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja, hovyo hovyo, kama watu wanaojibu wote kwa pamoja. Programu ilikuwa imeambiwa isiwashe pampu mpaka sifuri itulie kwa muda. Haikutulia kamwe, basi pampu ikangoja.

"Sasa sogeza mkono wako karibu na ule waya," akasema. "Usiushike."

Nikasogeza. Namba zikabadilika mwendo. Nikaondoa mkono, zikabadilika tena. Nimekaa na umeme umri wangu wote, lakini sikuwahi kuona waya unaosikia mkono wa mtu kabla haujaguswa.

Ndipo akanieleza, nami nawaeleza ninyi kama alivyonieleza. Pini isiyounganishwa na kitu haisemi sifuri. Haisemi chochote cha kweli. Inaokota kila kinachopita: umeme wa mota, mkono wa mtu, redio ya jirani. Ukitaka ikwambie kweli, lazima uishike, uweke rezista inayoivuta upande mmoja muda wote, ili pasipo na habari ijulikane iko wapi, na swichi inapofunga ndiyo iivute upande wa pili. Walioifunga hawakuiweka ile rezista, wala hawakuiambia kompyuta itumie ile yake ya ndani. "Siku zote ilikuwa inabahatisha," Rehema akasema. "Ilibahatisha vizuri mwanzoni, ndiyo maana wakapiga picha."

"Lakini sasa hivi tangi tupu," nikamwambia. "Swichi imefunga. Pini iwe imeshikwa au haijashikwa, sifuri ilipaswa kufika."

Akanitazama, akafikiri. "Kweli, baba. Basi kuna waya umekatika pia."

Tukaufuata waya kwa miguu, nguzo kwa nguzo, mpaka kwenye boksi dogo chini ya tangi, pale waya wa boya unapounganishwa na waya wa nguzo. Nikalifungua. Ndani kulikuwa safi, hakuna hata sisimizi mmoja, nikamsifu Mzee Mkupete moyoni. Lakini nilipochomoa nyaya, ncha za shaba zilikuwa nyeusi, zimegandwa na kitu kigumu kama vanishi. Ndiyo maana nilipokuwa natikisa zilikwaruzana zikagusana kidogo, pampu ikawaka, nikajiona bingwa. Koleo langu nilikuwa nimeliacha kibandani. Basi nikafanya kama tulivyofanya mafundi wote wa rika langu: nikaumenya waya kwa meno. Vijana, msifanye hivyo, nitawaeleza sababu sasa hivi. Nikazisafisha ncha, nikaziunga, na kibandani Rehema akapiga kelele kwamba sifuri imetulia. Pampu ikaanza kunguruma. Maji yakapanda.

Mzee Mkupete akatukaribisha kula kwake. Bi Somoe, aliyekwisha kulainika kwa sauti ya pampu, alitupikia ming'oko, vile viazi vya porini, na samaki wa mtoni wenye pilipili. Kipande cha kwanza tu midomo yangu ikawaka moto. Nikanywa maji, ikazidi. Nikajipapasa, nikakuta mdomo wa juu umevimba kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Rehema akaogopa, akadhani nimekula sumu. Bi Somoe alinitazama vizuri, kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka.

"Fundi wa watu. Uzee wote huo, nani kakupa korosho mbichi uibangue kwa meno?"

Kila mtoto wa Mtwara anaijua adhabu hiyo. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, na sisi sote tumewahi kulipasua kwa meno utotoni tukaenda shule na midomo kama bata. Rehema peke yake ndiye ambaye hakuelewa. Mimi nilitaka kujibu kwamba sijaona korosho leo, ila nilikuwa nimeshaelewa katikati ya sentensi. Nikamgeukia Mzee Mkupete. Alikuwa ameweka tonge lake chini.

"Nilipaka mimi," akasema.

Watu wa huku hupaka mafuta ya maganda ya korosho kwenye nguzo na boriti, mchwa asiguse. Hakuna dawa inayoyashinda. Mzee Mkupete alikuwa amepaka nguzo zote za waya, ndiyo maana zilikuwa zinang'aa vile. Kisha akaona sisimizi wameingia kwenye boksi la chini ya tangi. Akalifungua, akachomoa nyaya moja moja, akazichovya ncha zake kwenye mafuta, vizuri, kwa uangalifu, akazirudisha na kukaza skrubu. Mafuta yale yakikauka yanakuwa ngozi ngumu, na umeme haupiti kwenye ngozi ile.

"Nilitaka wasizile," akasema. "Wasizile tu." Akaitazama ndoo ya kijani, ambayo Zainabu alikuwa ameichukua kutoka kibandani na kuiegemeza ukutani. Akainuka, akatoka nje, hakurudi kula.

Nilimsikitikia kuliko ninavyoweza kuandika. Mtu amepaka kwa mapenzi, kwa sababu ya shemeji yake aliyemezwa na mto, na mapenzi yale yale yamempeleka binti yake kwa mamba.

Jioni kamati ya maji ikakaa chini ya paa la kibanda. Rehema alisema wazi kwamba hata bila mafuta ile pini ingekuja kusema uongo tu, maana haikushikwa tangu mwanzo. Mzee Mkupete hakumsubiri amalize, akasimama akajieleza yote mwenyewe. Mjumbe mmoja akatikisa kichwa akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba afadhali atafutwe mlinzi mwingine. Mzee Mkupete akaanza kutoa funguo shingoni.

Bi Somoe hakuwa mjumbe, alikuwa amekaa pembeni na wanawake wengine. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu anajua sasa pa kupaka na pa kutopaka. Mkileta mwingine, ataanza upya, na wakati anajifunza tutakuwa sisi tunaokwenda ntoni." Wanawake wakaguna kukubali. Mwenyekiti akamwambia Mzee Mkupete arudishe funguo shingoni.

Tukalala kijijini, na asubuhi tukaifanya kazi upya. Rezista ikawekwa. Lakini mimi nilikuwa nimeota jiwe. Nikamsimulia Rehema habari ya Mzee Nalinga na mstari wake mweupe, jiwe likigusa udongo usilete habari za maji. Nikamuuliza: waya huu ukikatika kesho, kompyuta itajuaje? Akakuna kichwa na kalamu. Pini iliyoshikwa vizuri, waya ukikatika, ingesema moja, yaani maji yamejaa, na pampu ingelala. Ni uongo ule ule wa kamba.

Akasema, "Subiri, baba," akafikiri, kisha akatabasamu. Swichi ya boya ilikuwa na miguu mitatu, tulikuwa tunatumia miwili tu. Tukavuta waya wa pili kwenda pini ya pili. Sasa pini moja inasema tupu, nyingine inasema limejaa. Zikipingana, hii ikisema na ile ikanyamaza, mambo ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Zikinyamaza zote mbili, basi hilo ni jiwe udongoni: kompyuta isiamue chochote kuhusu maji, iwashe taa nyekundu nyumbani kwa Mzee Mkupete. Kazi ya kuandika ilikuwa yake yote, na mimi nilivuta waya. Sijawahi kufurahia kazi kama siku ile, na midomo yangu imevimba.

Ilipofika saa ya kujaribu, nikampa Mzee Mkupete koleo. "Kata mwenyewe, mzee."

Akasita. "Nikate waya?"

"Kata."

Akakata. Kutoka nyumbani kwake tukamsikia Zainabu akiita, "Baba, taa! Taa imewaka!" Mzee Mkupete akabaki ameshika koleo, akaanza kulia taratibu, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko wa vifaa.

Hayo yamepita miaka. Mzee Nalinga alishatangulia zamani, na Mzee Mkupete naye amemfuata, Mungu awarehemu wote. Funguo za kibanda sasa anavaa Zainabu. Rehema amehamishwa, ananipigia simu siku ya Idi, ananiuliza midomo inaendeleaje.

Baada ya kuagwa nilikwenda Kitaya mara moja, si kikazi. Zainabu alinionyesha taa, haijawaka tangu mto ulipobeba nguzo mbili, na siku ile iliwaka kabla ya mtu yeyote kukosa maji. Bi Somoe amezeeka, anatembelea fimbo, lakini ulimi wake bado haujastaafu. Alinicheka kwa kuwa nimekonda, akasema pensheni haina wanga. Tulipokwisha kunywa uji nikamwomba anipeleke ile njia ya zamani ya mtoni, waliyokuwa wakiipita na ndoo, nikauone mto kabla sijarudi.

Akanyanyuka. Tukapita nyuma ya nyumba, tukapita mihogo, tukafika penye majani marefu kuliko mimi. Akasimama. Akaenda kushoto kidogo akarudi, akayasukuma majani kwa fimbo, akatazama chini, akaenda kulia.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Nimeipita tangu nikiwa mtoto. Fatu aliipita."

Akayasukuma tena majani. Hapakuwa na kitu, nyasi tu, na vichaka vilivyokwisha kuota mashina, pasipopita ndoo tena.

"Siioni, fundi," akasema, na akageuka kunitazama, machozi yanamtoka na huku anacheka. "Njia yenyewe siioni."